Mpangaji akae humu ndani: niliyosema kwenye kikao cha wenye nyumba na madalali, Kigoma

Wengi mmeniomba niandike nilichoongea jumamosi pale Mwanga kwenye kikao cha kuanzisha umoja wetu, maana spika ilikuwa inakata na waliokaa nyuma hawakusikia vizuri. Nimeandika kama nilivyosema, nimepunguza tu pale niliporudia rudia.

Asalamu aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu shikamooni, kina mama, vijana wenzangu wa kazi, habari za toka asubuhi.

Mimi mnanijua. Udalali nimeanza 2006, nilianzia kuonyesha vyumba kule Ujiji natembea kwa mguu, baadae viwanja vya Mwandiga, na leo hii nina vyumba vyangu vinne Gungu ambavyo napangisha. Kwa hiyo ninachosema hapa nasema nikiwa mmoja wenu, mkate ninaokula ndio huo huo mnaokula nyinyi. Barua ya umoja niliipata jumatano, nikaambiwa niisome nisaini ipelekwe halmashauri na nakala iende kwa mbunge. Nimeisoma mara tatu. Sijasaini, na nimeomba dakika hizi niseme kwa nini.

Kwanza umoja wenyewe mimi nautaka, tena nautaka sana. Tunaumia. Tapeli mmoja anauza kiwanja kimoja kwa watu watatu halafu mji mzima unasema madalali wa Kigoma wezi. Umoja ukiwepo, wenye daftari la wanachama, wenye ubavu wa kumtoa mtu, hilo litapungua. Na kwenda kuongea na serikali ni haki yetu kabisa, hata Kamati za Bunge kule Dodoma zikipitia muswada zinaita wadau watoe maoni, sasa na sisi si wadau? Wahenga walisema kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mwenye nyumba avute, dalali avute, mkandarasi avute, sawa. Shida yangu ni kwamba kwenye barua hii tumevuta ngozi kwetu halafu tumeandika juu yake kwamba tunawavutia wananchi wa Kigoma.

Tuanze na kodi ya majengo. Barua inasema "wananchi wanyonge wa Kigoma wanaumizwa na kodi ya majengo kupitia LUKU, tunaomba isamehewe". Jamani. Toka Agosti 2021 hii kodi inakatwa kwenye umeme, ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 2023 ikapanda ikawa 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Kisheria ni kodi ya mwenye jengo. Sasa mimi kwangu Gungu mita ni moja, wapangaji wanachangishana umeme, wananunua kwa zamu. Nani alikuwa analipa kodi yangu? Ni dada mmoja anayeuza dagaa pale Kibirizi, na kijana wa bodaboda, na familia mbili nyingine. Kwa lugha yetu neno ni hilo hilo moja, kodi ya serikali na kodi ya chumba, labda ndio maana ilipita kimya kimya, wao walilipa zote mbili, pango langu na kodi yangu. Mimi nilijua, sikusema kitu, zaidi ya miaka miwili. Mwaka jana ndio nikakaa na daftari, nikapiga hesabu, nikawapunguzia kwenye pango la miezi iliyofuata, na yule dada aliniuliza mbona hivi, hakuwa hata anajua kwamba hela ile haikuwa yake kulipa.

Sasa mtu kama mimi nisaini barua kwamba mimi ndio mwananchi mnyonge ninayeumia na kodi ya majengo? Humu ndani ni wangapi wamewarudishia wapangaji wao? Mnyooshe mikono. (Ilinyooshwa mitatu, na ukumbi ulikuwa umejaa.) Basi kama tunataka msamaha tuombe, lakini tuseme ukweli, tuseme sisi wenye nyumba tunaomba kupunguziwa, na tuseme pango tutashusha kwa kiasi gani msamaha ukija. Kama pango halishuki hata mia, basi wananchi tusiwataje.

Kijana wetu wa kamati aliniambia, mzee mbona Marekani vyama vya nyumba vinafanya hivi hivi na vina nguvu mpaka Bungeni. Ni kweli, na mimi kwa sababu hiyo nikaenda kusoma, usiku tatu nimekaa na simu nasoma. Niwaambie nilichokikuta maana kina mafunzo kwetu.

Kule wana chama kinaitwa National Association of Realtors, kilianzishwa Chicago 1908, leo kina wanachama kama milioni moja na nusu. Madalali watupu hao, wenzetu. Mwaka 2022 pekee yake kilitumia zaidi ya dola milioni 80 kwenye kulobi, yaani kushawishi serikali, kilikuwa kwenye wale wanaotumia hela nyingi kuliko wote nchi nzima. Na walichokuwa wanalinda kwa miaka yote ni nini? Kikubwa ni kitu hiki, ukikopa benki ununue nyumba, ile riba unayolipa unaruhusiwa kuitoa kwenye kipato kabla hujakatwa kodi. Imekuwepo toka 1913. Ukiisikia mara ya kwanza unasema safi, inamsaidia mtu wa chini apate nyumba. Sasa ifuatilie pole pole. Anayenufaika zaidi ni mwenye mkopo mkubwa na kipato kikubwa, maana riba yake ni kubwa na kodi anayokwepa ni kubwa. Mpangaji hapati hata senti. Mtu mwenye kajumba kadogo na mkopo mdogo anapata kidogo au hapati kabisa. Na wachumi wengi wanasema sehemu ya ile nafuu inaingia kwenye bei ya nyumba, kwa sababu muuzaji anajua mnunuzi ana nafuu, anapandisha, na dalali anakula asilimia ya bei iliyopanda. Hapo ndio nikaelewa kwa nini madalali waliilinda hivyo. Mwaka 2017 Bunge lao lilipopunguza, mkopo unaohesabiwa ukashushwa kutoka dola 1,000,000 mpaka 750,000, chama kilipiga kelele sana. Uingereza wao walikuwa na nafuu inayofanana na hiyo, wakaifuta kabisa mwaka 2000, na Waingereza hawakuacha kununua nyumba.

Kuna kingine kilinishangaza zaidi. Kule ukiuza jengo la biashara au la kupangisha ukanunua lingine, kodi ya faida unaruhusiwa kuisogeza mbele, na ukiendelea kubadilisha unaisogeza tena na tena. Zamani hii ilikuwa kwa mali za aina nyingi, mashine, magari ya biashara, hata mifugo. Sheria ya 2017 ikaifuta kwa wote isipokuwa ardhi na majengo. Mfugaji akabadilisha ng'ombe analipa, mwenye ghorofa akabadilisha ghorofa anaendelea kusogeza. Sasa niambieni tofauti ya haki iko wapi hapo? Tofauti ni nani alikuwa na watu wa kutosha mlangoni siku sheria inaandikwa. Hiyo sisi kwa kiswahili cha mtaani tunaita kubebwa. Maskini akipewa nafuu anaitwa tegemezi, tajiri akibebwa inaitwa kivutio cha uwekezaji.

Na nguvu hiyo ya chama ikikosa mtu wa kuikemea inafika pabaya. Mwaka 1924 chama hicho hicho kwenye kanuni zake za maadili, naomba msikie, za maadili, kiliandika kwamba mwanachama asiwe sababu ya kuingiza kwenye mtaa watu wa rangi au taifa ambao uwepo wao utashusha thamani ya nyumba. Yaani mtu mweusi asiuziwe nyumba mtaa fulani, na dalali akimuuzia amevunja maadili ya kazi. Maneno ya rangi yalikuja kutolewa 1950. Sheria ya kukataza ubaguzi kwenye nyumba ilipoletwa 1968 chama kiliipinga, ikapita wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa. Chama kilikuja kuomba radhi hadharani 2020. Toka 1924 mpaka 2020, hesabuni wenyewe. Na wale waliopitisha kanuni ile hawakuwa majambazi, walikuwa watu kama sisi, wamekaa kikao kama hiki, wana ajenda na mwenyekiti na soda mezani, wanalinda bei. Waliokuwa wanaongelewa hawakuwemo chumbani.

Hapo nirudi kwenye barua yetu, kifungu cha tatu, ambacho vijana wa udalali mmekishangilia sana. Kinasema kila dalali achukue pango la mwezi mmoja, asiyefuata anafukuzwa kwenye umoja na anatangazwa. Mimi mwenyewe hela hiyo nimeila miaka mingi. Lakini naomba msikie kilichowapata wale wenzetu. Kanuni yao ilikuwa dalali wa muuzaji lazima aahidi malipo kwa dalali wa mnunuzi ndio nyumba iingie kwenye orodha ya pamoja ya nyumba zinazouzwa, na kwa mazoea ikawa asilimia 5 mpaka 6 ya bei, wanagawana, muuzaji ndiye analipa. Nyumba ya dola 400,000 kwa asilimia 6 ni dola 24,000. Wauzaji wakaenda mahakamani, na Oktoba 2023 kule Missouri baraza la mahakama, yaani raia wa kawaida wanaoitwa kuamua kesi, likasema chama na makampuni makubwa walikula njama kuweka bei juu, fidia karibu dola bilioni 1.8. Machi 2024 chama kikakubali kulipa milioni 418 na kubadilisha kanuni. Na sisi hapa tusijidanganye kwamba ni mambo ya huko, Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza washindani kukaa na kupanga bei, na Tume ya Ushindani ipo. Kifungu cha tatu ni ushahidi tumejiandikia wenyewe, tena tunataka kugonga muhuri.

Ila hata sheria isingekuwepo. Kuna mwalimu alihamishiwa huku akitokea Kasulu, nilimtafutia chumba na sebule, 70,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba akataka miezi sita mbele, 420,000, na mimi 70,000 yangu, jumla 490,000 kabla hajanunua hata ndoo ya maji. Alikopa. Nilikuwepo anapiga simu kukopa, amegeukia ukutani ili nisimuone uso. Kazi niliyomfanyia ilikuwa ya nusu siku. Nikimpunguzia, wenzangu wa kijiweni wangesema naharibu soko, na kweli kuna aliyewahi kupunguza tukamsusa. Hicho ndicho tunataka kukiandika sasa kiwe kanuni ya umoja?

Nije kwenye lile kubwa. Kifungu cha tano. Reli ya kisasa Tabora mpaka Kigoma, kilomita 506, mkataba ulisainiwa Desemba 2022, na mnaona wenyewe bei za viwanja zinavyokwenda, mtu alinunua shamba la michikichi juzi leo analikata viwanja. Barua inaomba halmashauri ipeleke barabara, maji na umeme mpaka kwenye viwanja vya mwekezaji mmoja, ambaye simtaji lakini wote tunamjua maana ndiye aliyelipia ukumbi huu, na asamehewe tozo miaka kumi kwa sababu ataleta ajira. Ajira ngapi? Haijaandikwa. Zisipokuja anarudisha nini? Haijaandikwa. Barabara ile itagharimu kiasi gani na itatolewa kwenye fungu gani? Haijaandikwa. Mtaa ambao mvua ikinyesha mama mjamzito anabebwa mgongoni mpaka lami umekaa miaka unasubiri, na hela ya barabara ni ile ile moja. Barabara ikifika kwenye viwanja vyake bei inapanda mara mbili mara tatu, na kile kilichopanda ni chake, sio cha mtaa uliosubiri.

Mimi siwachukii wawekezaji. Mtu akileta mtaji Kigoma nitampokea, mji wetu umeachwa nyuma muda mrefu. Ila ukimbeba mtu pima uzito wake kwanza. New York mwaka 2018 kampuni ya Amazon ilitangaza kuweka ofisi kubwa, ajira 25,000, na wakubwa wa kule wakaahidi nafuu za karibu dola bilioni 3. Wakazi na baadhi ya wanasiasa wakahoji, kampuni ikajitoa Februari 2019, na kuna waliolia kwamba ajira zimepotea, siwafichi hilo. Lakini mwaka huo huo haujaisha kampuni ile ile ikapanga ofisi mji huo huo ya watu zaidi ya 1,500 bila zile bilioni. Ndogo kuliko ile ya kwanza, ndio, ila imekuja kwa miguu yake. Na 2008 taasisi mbili kubwa za mikopo ya nyumba kule, Fannie Mae na Freddie Mac, zilipoanguka serikali ilizichukua na ikaingiza karibu dola bilioni 190. Zilikuja kulipa zaidi ya hizo, nalo niliseme. Ila familia mamilioni zilitolewa kwenye nyumba zao miaka ile na hazikupata wa kuziinua kwa kasi ile.

Sasa lile lililonifanya nisilale. Ukurasa wa mwisho, bajeti ya umoja, kuna mstari "uwezeshaji wa viongozi". Tuongee kama watu wazima. Uwezeshaji ni nini? Ni bahasha. Ni nauli ya diwani ambaye anakaa mtaa wa pili. Kushawishi ni mimi nikae mbele yako na hoja zangu na hesabu zangu, ukubali au ukatae, na mwenye hoja nyingine naye apewe kiti. Bahasha inaondoa hicho kiti cha mwingine. Kule Marekani pamoja na mabaya yote niliyowasimulia, kuna sheria ya 1995 inayolazimisha mwenye kulobi ajiandikishe na aseme katumia kiasi gani, ndio maana hata mimi niliyekaa Gungu na simu yangu nimeweza kujua zile milioni 80. Je bahasha yetu nani ataijua? TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, wakija tutasema nini, kwamba ilikuwa chai?

Wazee mnakumbuka Azimio la Arusha, 1967. Moja ya masharti ya kiongozi ilikuwa asiwe na nyumba ya kupangisha. Najua yalilegezwa 1991 kwenye kikao cha CCM kule Zanzibar, na mimi sisemi turudi huko, mimi mwenyewe napangisha. Ila waliliona jambo. Waliona kwamba mtu akiwa na vyumba ishirini, siku anaamua habari ya pango hataamua kama mpangaji. Leo viongozi wetu wengi ni wenye nyumba wenzetu, tukiingia ofisini kwao tunaongea na mtu ambaye tayari yuko upande wetu, na kitu pekee cha haki tunachoweza kufanya ni kumwambia mheshimiwa, kabla hujatusikiliza sema kwanza una nyumba ngapi. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 inamtaka atamke mali zake. Sisi tumsaidie aanze hapo.

Basi ninachoomba. Barua hii isiende jumatatu. Iandikwe upya, maombi yetu yaandikwe kwa majina yetu, sisi wenye nyumba, sisi madalali, na pembeni ya kila ombi iandikwe nani atalipa. Kifungu cha tatu kitoke. Mstari wa uwezeshaji utoke. Ombi la mwekezaji aliandike mwenyewe kwa jina lake, na hela ya ukumbi arudishiwe, mimi naanza na 20,000 hii hapa, mhasibu ipokee. Na kabla ya kusaini isomwe kwa sauti mbele ya wapangaji, kila ombi, tukiwaangalia usoni. Lile ambalo tutashindwa kulisoma tutajua tulifanyeje.

Jumamosi ijayo nakuja na yule dada wa dagaa, nimeshamuomba, amesema atafunga meza saa nane. Yule mwalimu nitampigia. Kuna viti viwili pale mbele vimebaki wazi leo. Mwenyekiti, naomba visitolewe.